Mama na Mtoto Mchanga Katika Mji Uliozingirwa

  Fungueni kijitabu, mfuate maneno kwa kidole huku mkinisikiliza. Na wewe unayesoma peke yako bila redio, usihofu: yaliyoandikwa hapa ndiyo yaliyosemwa.

Leo nitawaeleza jinsi hospitali inavyowatunza akina mama na watoto wachanga wakati mji umezingirwa na adui. Najua yuko mmoja kati yenu anayejiuliza, "Hayo yananihusu nini mimi? Kijiji changu hakijazingirwa na mtu." Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili. Mji unapozingirwa, mahitaji ya mtoto mchanga huondolewa moja baada ya jingine, kama mtu anayechomoa mafiga chini ya chungu. Kila figa likiondoka tunaona wazi kazi yake ilikuwa nini. Katika siku za amani mambo yote yako pamoja, na sisi hatujui lipi hasa linalombakiza mtoto hai.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Kuuzingira mji ni kuuzunguka kwa majeshi pande zote, ili chakula, kuni, dawa na watu visiingie wala visitoke. Adui hana haja ya kuingia ndani. Anangoja njaa imfanyie kazi.

Mji nitakaousimulia ni Leningrad, katika nchi ya Urusi, upande wa kaskazini kwenye baridi kali. Siku hizi unaitwa Saint Petersburg. Tarehe 8 Septemba 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ujerumani yaliikata njia ya mwisho ya nchi kavu iliyoingia mjini. Upande wa kaskazini walikuwako majeshi ya Finland. Ndani ya mji walibaki watu kama milioni mbili na nusu. Hali hiyo haikwisha kabisa mpaka tarehe 27 Januari 1944. Hesabu siku hizo utapata 872. Kwa muda huo zaidi ya watu laki sita walikufa, wengi wao kwa njaa na baridi, si kwa risasi.

Chakula kikapimwa kwa gramu. Kuanzia tarehe 20 Novemba 1941, kwa muda wa majuma matano, mfanyakazi wa kiwandani alipewa gramu 250 za mkate kwa siku. Watu wengine, pamoja na watoto na wanawake wasio na kazi ya kiwandani, walipewa gramu 125. Mwalimu, tafadhali simama kidogo hapa. Chukua robo kilo ya sukari uigawe mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu moja ndilo uzito wa mkate wa mtu mmoja kwa siku nzima. Na mkate wenyewe haukuwa unga mtupu. Ulichanganywa na maganda ya nafaka, na hata na unga uliotengenezwa kwa mti.

Wakati huo huo baridi ikafika digrii 30 na zaidi chini ya kiwango ambacho maji huganda. Umeme ukakatika. Mabomba ya maji yakaganda yakapasuka. Tramu zikasimama barabarani na theluji ikazifunika. Watu walitoboa barafu ya mto Neva, wakachota maji kwa ndoo, wakayakokota nyumbani juu ya vigari visivyo na magurudumu, vile ambavyo watoto wa huko huchezea kwenye theluji. Ili kupata moto walichoma viti, meza, ua za nyumba na vitabu.

Na katikati ya hayo wanawake waliendelea kuzaa. Mimba haingojei vita viishe.

Fikiri juu ya wodi ya wazazi isiyo na maji ya bomba. Mkunga anatakiwa kunawa mikono kabla ya kumshika kila mama, vyombo vichemshwe, na damu ioshwe. Kila kazi kati ya hizo inataka maji, na maji yanataka mtu mwenye nguvu ya kuyabeba na kuni za kuyachemsha. Mwuguzi mwenyewe anakula mkate ule ule mdogo. Vioo vya madirisha vimevunjwa na kishindo cha mizinga, na mbao zimepigiliwa mahali pake, kwa hiyo hata mchana ndani ni giza. King'ora kikilia, wagonjwa wateremshwe chini ya ardhi. Jaribu kuteremka ngazi na mwanamke aliye katika uchungu.

Mjini humo kulikuwa na chuo kikubwa cha tiba ya watoto, chenye hospitali yake na sehemu ya kuzalia. Mkuu wake alikuwa mwanamke, Daktari Yulia Mendeleva, aliyekiongoza tangu kilipoanzishwa mwaka 1925. Chuo hicho hakikufungwa. Daktari mwingine wa hapo, Aleksandr Tur, ndiye aliyekuwa mkuu wa madaktari wa watoto wa mji mzima. Hawa hawakuwa na chakula cha kugawa, lakini walikuwa na elimu ya kuunda chakula kutokana na kidogo kilichopatikana. Walitafuta namna ya kutengeneza maziwa kwa maharagwe ya soya, kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawakuwa na maziwa. Majiko ya chuo yalitoa chakula hicho kwa maelfu ya watoto. Katika mji ule pia majani ya msonobari yalichemshwa na watu wakanywa maji yake machungu, ili kuzuia ugonjwa wa fizi kutoka damu unaoletwa na kukosa matunda na mboga.

Sasa nataka mkae vizuri, maana tunafika kwenye hesabu.

Daktari mmoja wa chuo hicho, jina lake Antonov, aliandika kila kilichotokea katika wodi ya wazazi. Mwaka 1947, vita vilipokwisha, alichapisha hesabu zake katika jarida la madaktari. Mimi namheshimu sana mtu anayeweza kuandika daftari lake sawasawa huku tumbo lake li tupu na wino unaganda. Bila daftari lile tungekuwa na huzuni tu, na huzuni haimfundishi mkunga kazi.

Daftari linasema hivi. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1942 wanawake 414 walijifungua hapo. Watoto wao, wakilinganishwa na wale waliozaliwa kabla ya vita, walipungua uzito kwa zaidi ya nusu kilo kila mmoja. Karibu nusu yao walikuwa chini ya kilo mbili na nusu. Kati ya kila watoto 100, 41 walizaliwa kabla ya siku zao kutimia, wale ambao sisi huwaita njiti. Kati ya kila watoto 100 waliotimiza miezi yao, 9 walikufa. Na kati ya kila njiti 100, walikufa karibu 31. Andikeni ubaoni hizo 9 na 31, kisha tuulize sababu.

Tazama kwanza kalenda. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Machi 1942 alitungwa mimba mwezi wa Juni 1941, wakati mama yake bado alikuwa anakula vizuri. Njaa ilimkuta mama mimba imekwisha fika nusu. Basi mtoto aliumbwa vyema, ana viungo vyake vyote, lakini alikosa chakula katika miezi ya mwisho. Na miezi mitatu ya mwisho ndiyo ambayo mtoto tumboni hunenepa. Hapo huweka mafuta chini ya ngozi, na mafuta mengine ya namna ya pekee shingoni na katikati ya mabega, ambayo kazi yake ni kuwaka kama kuni na kumpa joto.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama wewe unavyotetemeka ukinyeshewa na mvua. Hutoka katika joto la tumbo la mama akiwa ameloa, na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo joto humtoka upesi sana. Chukua kikombe kimoja cha uji na sufuria nzima ya uji, uviweke nje pamoja: kikombe ndicho kitakachopoa kwanza. Mtoto ni kikombe. Mtoto aliyezaliwa bila mafuta ni kikombe kisicho na kifuniko. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya digrii 36 na nusu na 37 na nusu. Likishuka, analegea, anaacha kunyonya, asiponyonya hana kuni za ndani za kuwasha, anazidi kupoa. Ni duara, na kila mzunguko unamsogeza karibu na kaburi.

Hayo ndiyo aliyoyaona Antonov. Watoto walikuwa wanyonge, hawana nguvu ya kunyonya, hawawezi kulinda joto la miili yao. Wengine ngozi yao na mafuta chini yake viliganda vikawa vigumu kwa baridi. Akina mama walitoa maziwa, hata wale waliodhoofika sana. Jambo hilo linashangaza, lakini ni kweli. Mwili wa mama huchota katika mifupa yake mwenyewe ili kumlisha mtoto. Ila maziwa yalikuwa machache na yalikatika mapema.

Tufungue ukurasa wa pili wa daftari, ambao kwangu mimi ndio wenye mafunzo zaidi. Katika nusu ya pili ya mwaka 1942, wanawake waliojifungua katika wodi ile ile walikuwa 79 tu. Kutoka 414 hadi 79! Wengine walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wamehamishwa: kulikuwa na njia moja iliyobaki, juu ya barafu ya ziwa Ladoga, na katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1942 zaidi ya watu laki tano walipitishwa humo kwa malori. Wanaume wengi walikuwa vitani. Lakini kuna sababu nyingine iliyo ndani ya mwili. Wanawake wengi wa Leningrad walikatika damu ya mwezi. Mwili ukikosa chakula hufunga mlango wa uzazi, kana kwamba unasema, "Sina cha kumlisha mgeni."

Basi hao 79 waliopata mimba katikati ya njaa walikuwa akina nani? Antonov aliuliza kazi zao. Wengi walikuwa wanawake wanaofanya kazi katika viwanda vya chakula, au wenye kazi nyingine ambazo mgawo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine. Na watoto wao? Walizaliwa na uzito unaokaribia ule wa siku za amani.

Mnaona jambo hilo? Mji ni ule ule. Mizinga ni ile ile. Adui hajaondoka. Wakunga na kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni sahani ya mama. Nimesikia watu wengi, wengine wenye elimu kubwa, wakisema hospitali nzuri ni majumba na mashine. Mimi nawarudisha kwenye daftari la Antonov. Mtoto wa siku ya kwanza alikwisha kushiba au kufa njaa miezi mitatu nyuma, mezani kwa mama yake. Na hapa kwetu, katika nyumba ambamo baba hutengewa mnofu na mama mjamzito hubakiwa na mchuzi, hakuna jeshi lililozunguka nyumba hiyo.

Tuache Leningrad sasa, tuone madaktari wamejifunza nini tangu siku zile juu ya joto.

Huenda umeona hospitalini sanduku la kioo lenye joto ambalo njiti hulazwa ndani yake. Wauguzi huliita inkubeta. Ni kifaa kizuri, lakini kinataka umeme, kinataka fundi, na ni ghali. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia huko Amerika ya Kusini, daktari mmoja aitwaye Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko masanduku. Ilibidi watoto wawili au watatu walale katika sanduku moja, na waliambukizana magonjwa. Akaamua kuwaweka watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na kuwafunga hapo kwa nguo. Kwa kuwa kangaruu, mnyama wa Australia, hubeba mwanawe mfukoni mwilini mwake, njia hiyo ikaitwa utunzaji wa kangaruu.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba njia hii ni ya mtoto ambaye amekwisha kupata nafuu, na kwamba aliye hatarini akae kwanza kwenye mashine. Baadaye wakaifanyia majaribio katika hospitali tano, moja katika kila nchi ya Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ya Tanzania ilikuwa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto waliochaguliwa walikuwa na uzito wa kilo moja mpaka chini kidogo ya kilo moja na gramu 800. Kundi moja lilitunzwa kwa desturi ya zamani. Kundi la pili liliwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, na mama akalazwa katika wodi ile ile ya watoto mahututi. Majibu yalitolewa mwaka 2021. Katika siku 28 za kwanza, kundi la desturi ya zamani lilipoteza karibu watoto 16 kati ya 100. Kundi la kifuani lilipoteza 12. Tofauti hiyo ilikuwa wazi kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Watoto wanne katika kila mia, na dawa yake ni kifua na kanga. Lakini msikose kuona sharti lake: mama awepo.

Baada ya vita vile, mwaka 1949, mataifa yalikutana Geneva, nchini Uswisi, yakaandika mapatano ya kuwalinda raia wakati wa vita. Mapatano hayo yanasema kwamba hospitali za raia zinazotunza majeruhi, wagonjwa na wazazi zisishambuliwe. Yanasema chakula na dawa za waja wazito, wazazi na watoto wadogo viachwe vipite. Yanasema pia kwamba wanaopigana wajitahidi kupatana ili watoto na wazazi watolewe katika mahali palipozingirwa. Hospitali hupoteza ulinzi huo ikitumiwa kumdhuru adui, na hata hapo sharti onyo litolewe kwanza. Ni maneno mazuri, na yamewekwa sahihi na karibu mataifa yote ya ulimwengu.

Sasa twende Gaza, Palestina, mwezi wa Novemba 2023, tuone maneno hayo na elimu hiyo ya joto vilikutana na nini. Hospitali kubwa kuliko zote za Gaza iliitwa Al-Shifa. Majeshi ya Israel yalikuwa yameizunguka. Jeshi lilisema wapiganaji wa Hamas wanaitumia hospitali hiyo. Hamas na wakuu wa hospitali wakakana. Mafuta ya mitambo ya umeme yalikwisha. Tarehe 11 Novemba masanduku ya joto yakazimika, na ndani yake walikuwamo njiti 39.

Wauguzi wakawatoa. Wakawalaza bega kwa bega juu ya vitanda vya kawaida, wakawafunga kwa karatasi ya bati ile inayofungiwa vyakula, wakaweka maji ya moto karibu nao. Kazi ile waliijua. Walifanya kwa haraka lile ambalo Bogotá ilifundisha: mwili umpe joto mwili mwenzake. Lakini watoto hawa hawakuwa na vifua vya mama. Baadhi yao walikufa. Tarehe 19 Novemba waliobaki, watoto 31, walichukuliwa kwa magari ya wagonjwa mpaka hospitali ya Rafah, upande wa kusini, na wote walikuwa wameambukizwa magonjwa. Siku ya pili yake 28 kati yao walivuka mpaka wakaingia Misri. Wachache tu waliandamana na mama zao. Wengine walikuwa yatima, na wengine wazazi wao hawakupatikana wakati ule.

Muda wetu unakwisha. Juma lijalo kila mama aje na kanga moja, na akina baba pia waje nazo, maana mama akichoka baba anaweza kumpokea mtoto kifuani, na joto lake ni lile lile. Mwalimu atafute mfuko wa unga wa kilo mbili. Tutajifunza kuufunga: mtoto asimame wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande mmoja, pua na mdomo viko wazi, kanga imembana vizuri mpaka chini ya sikio, na nguo ya mama juu yake. Kisha mtatembea nao darasani, mtakaa, mtainama, mwone kama unga unaanguka. Kwaherini.